Kujiandaa kwa Uzazi Mumosho: Watu, Vitu na Deni

Kiswahili sanifu kina vitenzi viwili vikuu vya kumleta mtoto duniani: kuzaa na kujifungua. Katika Kiswahili cha Bukavu na cha vijiji vinavyouzunguka mji huo, kuzala ndilo neno la kila siku. Kujifungua husikika zaidi redioni, kanisani na katika mafundisho ya afya. Tofauti hiyo si ya msamiati peke yake. Kuzala ni jambo la mwili na la ukoo. Kujifungua, kwa sikio la msemaji wa Bukavu, ni jambo lililokaribia ofisi, karatasi na hospitali. Na umbo la kitenzi chenyewe linasema wazi kwamba anayejifungua ndiye anayelifungua fundo lake mwenyewe. Katika kurasa hizi tutaona jinsi mwanamke anavyoweza kujifungua salama na papo hapo akabaki amefungwa, na jinsi hali hiyo ilivyojengeka polepole katika muda wa miaka zaidi ya mia moja.

Mumosho ni mojawapo ya makundi ya vijiji yaliyo chini ya Mwami wa Kabare, kusini mwa Bukavu, kwenye vilima vinavyoteremkia mto Ruzizi unaotenganisha Kongo na Rwanda. Watu wake ni Wabashi na lugha yao ni Kimashi. Kiswahili kiko sokoni, kanisani na katika foleni ya kupima mimba. Kifaransa kiko juu ya karatasi ambayo muuguzi anaijaza. Mtoto wa Mumosho basi husubiriwa kwa lugha tatu, na kila moja ina kazi yake: Kimashi humwita, Kiswahili humwulizia, Kifaransa humwandika.

Hoja tunayotaka kuitetea ni hii. Zamani, kujiandaa kwa uzazi kulikuwa kuandaa watu. Wakati wa ukoloni kukaongezeka kuandaa vitu, na vitu hivyo mara nyingi vilitolewa na wale waliotaka wanawake waje hospitalini. Leo jambo la kwanza linaloandaliwa ni fedha. Kwa hiyo tunatofautiana na wale wanaoeleza kila uzazi wa nyumbani kwa neno moja, yaani mila. Neno hilo hutumika kwa wepesi mno, na mara nyingi hufunika hesabu ambayo mwanamke ameifanya kwa akili timamu.

Tuanze na watu. Pwani ilipata bahati ya kuandika mapema habari zake. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake na kuchapishwa na Carl Velten mwaka wa 1903, kinaanza na habari za uzazi na malezi kabla ya kugusa ndoa, safari au biashara. Bushi iliandikwa na wageni. Padri Pierre Colle, mmoja wa Mapadri Weupe, aliacha kwa Kifaransa monografia ya Wabashi ambayo hadi leo wanafunzi wetu huitegemea. Lakini padri ni mwanamume, tena padri. Chumba cha mzazi hakikuwa mahali pake. Sehemu kubwa ya yale ambayo wanawake walijua ilibaki katika vinywa vyao na katika mikono yao.

Hata hivyo mambo makuu ya nchi za Maziwa Makuu yanajulikana vya kutosha. Mwanamke mwenye mimba hakujiandaa peke yake. Ukoo uliangalia ni nani atakayekaa naye siku hiyo, nani atakayechota maji, nani atakayewatunza watoto wakubwa, na nani mwenye mikono iliyozoea kuzalisha. Mzalishaji huyo, ambaye Kiswahili sanifu humwita mkunga, hakuwa mtu wa kukodiwa kwa bei iliyotajwa. Alikuwa jirani, shangazi au mama mkwe, na alichopewa baadaye kilikuwa zawadi. Kwa mkulima wa vilimani, maandalizi yalikuwa pia shambani: maharagwe na mtama viwepo nyumbani, ili mzazi apate kula vizuri na maziwa yashuke, na mikono mingine ishike jembe wakati yake imeshika mtoto.

Kitovu kilipewa heshima ya pekee. Katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu kondo la nyuma au kitovu kilichoanguka huzikwa karibu na nyumba, na mgomba ni mojawapo ya mimea inayokabidhiwa amana hiyo. Waswahili wa pwani nao husema kwamba mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake. Ndugu wasomaji wanaopenda maana ya maneno wataona kwamba katika matumizi hayo kitovu ni hati ya ardhi. Kwa Kabare jambo hili lina uzito, kwa sababu mwaka wa 1928 serikali ya kikoloni iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa madaraka makubwa juu ya ardhi kwa faida ya walowezi, na sehemu ya vilima ikageuka mashamba makubwa. Mtoto aliendelea kuzaliwa katika nchi ya wazee wake, ingawa nchi hiyo ilikuwa na mwenyewe mwingine kwenye karatasi.

Tusiyapambe hayo ya kale. Chombo cha kukatia kitovu kilikuwa kile kilichopatikana nyumbani, na udongo na samadi ya ng'ombe hubeba kijidudu cha pepopunda. Ugonjwa huo ulipomshika mtoto mchanga, kwa kawaida ulimwua ndani ya wiki mbili za kwanza. Mkunga mwenye hekima na mikono mipole hakuweza kukiona kijidudu hicho. Upungufu wa damu baada ya kuzaa, mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kifafa cha mimba: kwa haya mikono peke yake haikutosha, na haitoshi leo.

Wamisionari wa Kikatoliki waliingia jirani kabisa na Mumosho walipoanzisha misheni ya Nyangezi mwaka wa 1906. Pamoja na shule na kanisa zilifuata zahanati, na baadaye nyumba za kuzalishia. Upande wa kaskazini wa Kabare, huko Katana, Chuo Kikuu cha Louvain kiliendesha hospitali kupitia mfuko wake wa tiba ulioundwa mwaka wa 1926 na unaojulikana kwa kifupi cha FOMULAC. Kwa nini serikali, makampuni na misheni vilijishughulisha hivyo na tumbo la mwanamke? Huruma ilikuwepo, hatuikatai. Lakini ilikuwepo pia hofu. Baada ya miaka ya mpira, ya uchukuzi wa mizigo na ya magonjwa, Wabelgiji waliogopa kwamba watu wa Kongo wanapungua, na migodi na mashamba hayaendi bila watu. Mtoto mchanga alihesabiwa kama mfanyakazi wa kesho.

Kwa hiyo katika sehemu mbalimbali za Kongo ya Wabelgiji mwanamke alivutwa kwa zawadi. Aliyekuja kuzalia katika nyumba ya uzazi alipewa sabuni, kitambaa, blanketi au nguo za mtoto. Kampuni kubwa za migodi zilitoa hata tuzo ya fedha kwa kila mtoto aliyezaliwa. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt amelichunguza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka wa 1999 juu ya uzazi na tiba katika Kongo ya kikoloni, hasa huko Yakusu karibu na Kisangani. Tunamwomba msomaji aikumbuke zawadi hiyo ya nguo na sabuni, maana tutakutana nayo tena, nayo itakuwa imegeuka uso.

Jinsi mambo yalivyokuwa Bukavu mwishoni mwa ukoloni inaonekana katika kisa kimoja kinachojulikana, kwa kuwa aliyepatwa nacho amekisimulia mwenyewe. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwezi wa Machi 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alizalishwa nyumbani kwa msaada wa jirani, na kitovu chake kikakatwa vibaya. Uchafu ukaingia katika damu. Mama yake alimchukua mtoto kwenye zahanati ya Wakatoliki, akarudishwa kwa sababu familia ilikuwa ya Waprotestanti. Mwalimu Mswidi wa misheni, Majken Bergman, ndiye aliyekwenda kusema na wahusika hadi mtoto akapata penisilini. Katika kisa hiki tunaona mambo mawili kwa wakati mmoja: hatari ya kitovu, na mlango. Dawa ilikuwepo mjini, na mtoto alikuwepo mjini. Kilichokosekana ni mtu wa kuufungua mlango uliokuwa katikati yao. Mwaka wa 1955 ufunguo ulikuwa dhehebu. Tutaona umekuwa nini baadaye.

Hapa yafaa tutaje kwa ufupi jambo ambalo wanawake wa vilimani hawakulihitaji kufundishwa. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Ubelgiji waliofanya kazi katika eneo la Katana na Lwiro walipima homoni za wanawake wanaonyonyesha, wakaonyesha kwamba kunyonyesha mara nyingi, usiku na mchana, kwa muda mrefu, huchelewesha kurudi kwa hedhi na hivyo kutenganisha mimba. Matokeo hayo yalitangazwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1976. Mtoto abebwaye mgongoni mchana kutwa na kulala ubavuni mwa mama hunyonya anapotaka, na mwili wa mama hujua kuhesabu. Hayo nayo ni maandalizi ya uzazi, yaani ya uzazi ufuatao.

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka wa 1978 juu ya afya ya msingi, Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojipanga upya mapema: katika miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika kanda 306 za afya, kila moja na hospitali yake ya kutegemewa na vituo vyake vya vijijini. Wakunga wa jadi walipewa mafunzo na vifaa vidogo: sabuni, uzi safi, wembe mpya. Mwezi wa Februari 1987 ulifanyika Nairobi mkutano wa kimataifa uliozindua kampeni ya Uzazi Salama. Mwaka wa 1989 kilianza kazi, kwenye mto wa Mumosho, kituo cha umeme cha Ruzizi II kinachomilikiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. Mtu aliyeandika historia mwaka huo angeweza kudhani kwamba mwanga na uzazi salama vinapanda kilima kwa pamoja.

Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1990 Ubelgiji ulisimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu baada ya mauaji ya wanafunzi huko Lubumbashi. Mwaka wa 1991 na wa 1993 uporaji wa askari ulibomoa kilichobaki cha uchumi. Mshahara wa muuguzi ukawa jina tu. Hospitali na vituo vikalazimika kuishi kwa kile kinachotoka mfukoni mwa mgonjwa, na kati ya wagonjwa wote mwenye mimba ndiye mwenye kutabirika zaidi: atakuja, na tarehe yake inajulikana. Mwaka wa 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa malaki. Oktoba 1996 vita vilivuka nyuma yao. Tarehe 6 ya mwezi huo hospitali ya Lemera, iliyojengwa na misheni ya Waswidi na kuongozwa wakati huo na Mukwege, ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa vitandani na nyumbani mwao.

Mukwege, aliyekuwa amesomea magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa, kwa sababu ya kuwaona wazazi wakifika Lemera wakiwa wamechelewa, alitaka sasa kujenga mahali pa kuzalia kusini mwa mji wa Bukavu, kwenye mtaa wa Panzi. Vita vya pili, vya Agosti 1998, vilipora vifaa vya mwanzo. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa mwaka wa 1999, na mgonjwa wake wa kwanza hakuwa mzazi. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Nyumba iliyokusudiwa kupokea watoto ikajulikana ulimwenguni, hata kabla ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka wa 2018, kwa kushona miili ya mama zao. Panzi iliendelea kuzalisha, lakini habari hiyo haikuandikwa sana magazetini, kwa kuwa uzazi ulioenda vizuri hauna mwandishi.

Sasa turudi kwenye maandalizi, kama yanavyofanyika leo katika familia ya kawaida ya Mumosho. Mwenye mimba anapokwenda kupima hupewa, kwa maandishi au kwa mdomo, orodha ya vitu atakavyokuja navyo. Orodha hutofautiana kati ya kituo na kituo, lakini sura yake ni ile ile: beseni, ndobo, sabuni, vikwembe viwili au vitatu, nguo za mtoto, pamba, glavu, wembe mpya. Msomaji aliyetuombea uvumilivu juu ya zawadi ya wakati wa ukoloni amekwisha kutambua. Kile kile kilichotolewa na nyumba ya uzazi ili mwanamke aje ndicho anachotakiwa leo kukileta ili apokelewe. Sabuni imegeuza njia yake.

Juu ya vitu hivyo kuna malipo, na mtoto akizaliwa kwa upasuaji malipo hupanda mara nyingi zaidi. Hapo ndipo linapoingia neno ambalo kwa mwanaisimu lina mvuto wa pekee. Katika Kiswahili sanifu kutosha ni kuwa na kiasi kisichopungua. Katika Kiswahili cha Bukavu kutosha ni kutoa, yaani kufanya kitu au mtu atoke. Ni umbo la kusababisha la kutoka. Basi ndugu wanapokusanyana kulipa deni la hospitali husema wanakwenda kutosha mama. Mzazi ambaye hajalipiwa hubaki. Desturi ya kuwazuilia wazazi na watoto wao hadi deni lilipwe imeripotiwa kwa miaka mingi katika hospitali nyingi za Kongo, na Kivu haikusalimika. Hana ugonjwa tena; kitanda wakati mwingine amekwisha kunyang'anywa; mtoto wake ana jina. Huenda ni Mugisho, yaani baraka, au Nsimire, yaani nimeshukuru, au Byamungu, jina la Kiswahili lisilohitaji tafsiri. Msemaji wa pwani akiisikia sentensi hiyo ya kutosha mama atadhani inauliza kama mama anatosha. Pengine kwa mkasa tu wa lugha ameuliza vizuri, maana kinachopimwa ni kama fedha zinatosha ili mama atoshwe.

Hapa ndipo hoja ya mila inapovunjika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba uzazi 80 kati ya 100 nchini Kongo ulifanyika katika vituo vya afya. Utafiti huo huo ulikadiria vifo vya wazazi kuwa 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kiwango kilicho miongoni mwa vikubwa duniani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuikubali hospitali. Waliikubali hata ikiwa haina maji, haina damu ya akiba, haina taa ya uhakika. Wale wachache waliobaki nyumbani, au waliokwenda wakiwa wamechelewa, hatuwezi kuwaeleza kwa kusema hawajafundishwa. Mwanamke aliyemwona jirani yake akikaa wiki tatu akizuiliwa kwa ajili ya deni amefundishwa vya kutosha. Na pale ambapo huduma ilitolewa bila malipo mlangoni, matokeo yalionekana: chanjo ya pepopunda kwa wenye mimba, pamoja na usafi wa kukata kitovu, iliiwezesha Kongo kuthibitishwa mwaka wa 2019 kuwa imeitokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Mila haikuizuia sindano hiyo.

Lakini watu wa vilimani hawakukaa wakingoja. Ng'ambo ya Ruzizi, Kinyarwanda kina neno ingobyi, ambalo ni machela ya kumbebea mgonjwa na pia ni mbeleko ya mtoto. Vyama vya machela, ambapo kila mume wa kijiji ana wajibu wa kubeba, ni mojawapo ya mizizi ya bima za afya za kijamii huko Rwanda. Upande wetu, katika Kivu ya Kusini, vikundi vya mshikamano vinavyoitwa MUSO vimeenea. Kila kikundi huwa na masanduku: la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la msaada usiorudishwa, na la buluu ni la fedha zinazotoka nje. Michango ya sanduku jekundu ni midogo na hulipwa katika kila kikao. Ugonjwa unapoingia nyumbani kwa mwanachama, au kifo, sanduku hufunguliwa.

Na uzazi? Swali hili si jepesi kama linavyoonekana. Sanduku jekundu liliwekwa kwa ajili ya msiba usiotazamiwa, na mimba hutazamiwa kwa miezi tisa. Mwanachama mmoja atasema kwamba aliyeshika mimba alijua, basi akope katika sanduku la kijani na arudishe na faida. Mwingine atajibu kwamba upasuaji hakuna aliyeujua. Nyuma ya mabishano hayo kuna swali la zamani la ukoo, kama mtoto ni wa mama yake au ni wa wote, ila sasa linaulizwa kwa faranga. Kwa maoni yangu vikundi hivi ndivyo vilivyo warithi halisi wa wale wanawake waliokaa na mzazi nyumbani, zaidi kuliko mkunga wa jadi ambaye miradi mingi ilimfundisha na kisha, siasa ya afya ilipobadilika, ikamkataza.

Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa uzazi bila malipo, uliokusudiwa kufika mikoani hatua kwa hatua. Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23, na barabara za Kabare zikapata vizuizi vipya. Wenye mimba hawakuweza kuahirisha. Vikundi vya akiba vya vilimani vina kanuni zao, zilizoandikwa katika daftari la katibu, mara nyingi kwa Kiswahili. Na katika daftari hizo, mahali panapotajwa mambo yanayofungua sanduku jekundu, vikundi vingine vimeongeza kuzala, na vingine vimeandika tu kuzala kwa kupasuliwa.